K ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana mara ya mwisho kwenye simu ulilisema kama mtu anayemsema mpangaji mkorofi asiyetaka kuhama. Limetulia? Na Shemeji je, kile kikohozi chake cha alfajiri bado kinawaamsha majirani? Msalimie sana, umwambie kwamba ule ubishi wetu wa mpira nimeuacha. Hajanishinda, asije akatangaza. Ni kwamba kwa sasa sina nguvu ya kubishana na mtu yeyote. Najua sentensi hiyo utaisoma mara mbili. Mwili wangu ni mzima, chakula nakula, ila barua hii nimeianza mara tatu. Usiseme ni uzee. Ni mshtuko, na haujaniisha.

Mama namuulizia kwa woga. Macho yake yanaendeleaje? Barua hii nimeituma ofisini kwako badala ya nyumbani, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Dada, wewe hukuwahi kuvipenda visu vyangu. Uliwahi kusema kwamba mtu mzima anayepanga visu mia mbili kwenye droo, kila kimoja na kitambaa chake, anahitaji mke au daktari. Leo nakuomba unisikilize habari za kisu kimoja tu, bila kunikatiza, kwa sababu bila kukielewa hutanielewa.

Kinaitwa Njiti. Kilitengenezwa kwenye kiwanda kilekile alichofanya kazi Mama. Kikikunjwa kina urefu wa kidole cha kati, na ni chembamba kiasi kwamba ukikiweka mfukoni mwa shati pamoja na penseli, penseli ndiyo inayojitokeza. Mchoraji wa kiwanda alikibuni kwa ajili ya watu wa vitalu vya miche, wale wanaopandikiza kijiti cha mchungwa kwenye shina la mlimao. Kutwa wanainama, na visu vya zamani vilikuwa vinene, vinawachoma mapaja. Unene ulitokana na springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Mchoraji akaiondoa. Alichonga mfereji mwembamba kwenye bamba la mpini lenyewe, ule ulimi uliobaki ukawa ndio springi. Unene ukapungua nusu. Nimesoma watu wengi waliojiita wanafalsafa, Dada, na ni wachache waliowahi kufikiri kwa usafi kama ule.

Njiti ya kwanza ilikuwa na mpini wa pembe na ribiti tatu, zile pini zinazoushikilia. Pembe ikapasuka kwa unyevu wa vitaluni. Ya pili ikawa ya shaba, yenye mistari kumi na miwili ya kuzuia kidole kisiteleze, lakini shaba iliacha harufu mkononi na watu wakalalamika. Ya tatu ni ya aluminiamu, mistari tisa, ribiti mbili. Ya nne ni bamba moja la chuma lililokunjwa kama unavyokunja barua, ribiti moja tu. Hayo ndiyo tunayogombania sisi wakusanyaji. Kuna daktari wa meno ambaye sikusalimiana naye miezi minane kwa sababu alidai anayo ya shaba yenye mistari kumi na mmoja. Hakuna kitu kama hicho. Yake mstari mmoja ulikuwa umelika, nikamwonyesha kwa lenzi mbele ya watu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lenyewe. Kwa kuwa ubapa wa Njiti ni mwembamba mno, hunolewa upande mmoja tu, kama patasi. Upande wa pili unabaki bapa kabisa. Hivyo ndivyo mkato unavyotoka laini na kijiti kikashikana na shina. Lakini kisu kilichonolewa upande mmoja kinachagua mkono. Ukikishika kwa mkono usio wake kinakwenda mrama, kinakula mti badala ya kuukata.

Na zipo Njiti chache, za aluminiamu zote, ambazo zimenolewa upande wa pili. Hata kile kimfuo cha kutia ukucha ili ukifungue kiko upande wa pili. Chini ya ribiti kuna herufi moja ndogo, K. Hakuna orodha ya kiwanda iliyozitaja. Mimi nikaandika kitabu, unakijua, kile ulichokiwekea chungu cha maua juu yake, na katika sura ya saba nikatoa hukumu: K ni kasoro. Nikaeleza kwamba mnoaji mzembe alikitia kisu kwenye kibanio kichwa chini, msimamizi akakigonga K ili kikayeyushwe, na mfanyakazi mwenye mkono mrefu akakiiba kutoka kwenye sanduku la chuma chakavu. Nilieleza kwa michoro minne. Ilikuwa hoja nzuri sana. Bado ninaweza kuitetea hoja hiyo kwa saa nzima, na ni uongo kuanzia neno la kwanza.

Utamkumbuka Mzee Tupa, angalau kwa jina, maana nilimwandika sana. Alikuwa mnoaji wa kiwanda hicho, na sasa ana gurudumu lake la kukanyaga pale sokoni, ananoa mikasi ya mafundi cherehani na visu vya wauza nyama. Miaka tisa iliyopita alikuwa mwanachama wa chama chetu cha wakusanyaji. Kwenye mkutano alisimama, akavua kofia, akasema kwa adabu kwamba anaomba kumsahihisha mwandishi, ile K ni ya kushoto. Nikasimama na mimi. Nikamuuliza, kushoto, sawa, na kulia nayo, mzee wangu, inaanza na herufi gani?

Ukumbi ulipasuka. Hata yule daktari wa meno aliyekuwa hanisalimii alifuta machozi kwa kucheka. Mzee akaangalia kofia yake, akakaa. Wiki iliyofuata nikaandika makala. Nikasema wezi wa kiwandani sasa wanataka kutufundisha alfabeti. Nikasema jina la mzee huyu linajieleza lenyewe, kazi yake ni kuokota vilivyotupwa. Sentensi hiyo niliipenda, Dada. Niliisoma kwa sauti jikoni kwangu. Chama kikamfuta. Na sokoni, mafundi waliokuwa wakimwachia mikasi asubuhi na kuirudia jioni wakaanza kusimama juu ya kichwa chake mpaka amalize. Hawakumtukana. Walisimama tu, wakiangalia mikono yake.

Wiki tatu zilizopita mlinzi wa kiwanda alinipigia simu. Jengo limechukuliwa na watu wa vigae, na makaratasi ya zamani yanachomwa Jumatatu, kama nayataka niyafuate. Nilikuwa pale kabla hajafungua geti. Dada, ule ukumbi wa kunolea hauna kitu sasa ila bolti zilizobaki sakafuni, jozi jozi, kila mahali palipokuwa na gurudumu, na ukuta mweusi wa vumbi la mawe mpaka usawa wa kifua. Juu ni ofisi ya Mchoraji. Droo zake ndefu, bapa, zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Ya tano nikaivuta huku mguu nimeukaza ukutani.

Ndani yake kulikuwa na karatasi moja. Njiti mbili zimechorwa zikitazamana kama viganja viwili. Chini ya ile ya kwanza hakuna neno. Chini ya ile ya pili kuna neno moja, herufi zote: Kushoto. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo uliotulia: vipande mia mbili na arobaini kwa vitalu, cha kushoto kigongwe K, cha kulia kisitiwe alama, wa kulia hawahitaji kuambiwa.

Nilikaa sakafuni. Mlinzi aliniuliza kama nina sukari, akaenda kuniletea maji. Aliporudi aliitazama karatasi juu chini, akasema amewahi kuona watu wakilia juu ya hati za viwanja, lakini mtu kulia kwa picha ya kisu, hapo kazi ipo. Nilimwambia silii. Akasema haya basi, kunywa maji.

Nilikwenda sokoni siku hiyohiyo, na hotuba yangu kichwani, yenye utangulizi. Mzee Tupa hakuacha kukanyaga gurudumu. Aliniuliza kama nina cha kunoa. Fundi mmoja, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alinitambua, akamuuliza mwenzake si ndiye huyu wa gazetini, leo amekuja kutuibia nini. Wakacheka. Nilistahili, nikasimama kwenye foleni nyuma ya mikasi sita. Zamu yangu ilipofika nikaiweka karatasi mbele yake. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akainama. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba marehemu Mchoraji alikuwa na mwandiko mzuri.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akasema hayo yatakuja, nikae kwanza, nisimzibie mwanga. Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua: mbona hakupigana? Mtu aliyevinoa visu vile kwa mikono yake angeweza kuja na kimoja, akakata kijiti mbele ya ukumbi, akanifunga mdomo. Akasema hakuwahi kunoa K hata moja. Alijaribu ishirini za kwanza, akaziharibu zote, makali yakatoka mawimbi mawimbi kama ukingo wa kitambaa. Mkono wake wa kulia ulikataa. Msimamizi akazunguka kiwanda kizima akitafuta mtu wa kushoto, akamkuta kwenye meza ya kufungia bidhaa, mwanamke, anakata uzi wa vifurushi kwa mkono wa kushoto bila kuutazama. Akamleta kwenye gurudumu. Vyote mia mbili na arobaini alivinoa yeye, misimu miwili. Kwenye daftari aliendelea kuandikwa mfungaji wa bidhaa, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuandikwa mnoaji. Akasema kwamba mama huyo hakuwa anaangalia cheche kama wao. Aliegemeza kidole kidogo kwenye ubapa, kikianza kuhisi moto anainua. Mzee Tupa alimuiga. Akanionyesha kidole chake mwenyewe, kimekakamaa upande, akasema mpaka leo ananoa hivyo, mama huyo ndiye aliyemfundisha.

Nikatoa kalamu. Nikauliza jina la mama huyo.

Aliikunja karatasi, Dada, akanirudishia. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyepotea anakaa wapi: kwani wewe mama yako ana mkono gani?

Sijui niliondokaje kwenye kigoda chake na kurudi tena kukaa. Najua tu kwamba nilimwona Mama akimenya viazi. Nilimwona akikata mkate, akikata kucha zako mlangoni, akichonga penseli zangu za shule kwa ncha ndefu ambazo mwalimu alizisifia. Mkono wa kushoto, kila siku, miaka yote. Tulikuwa tukiambiwa anafunga visu kwenye karatasi za mafuta, nasi hatukuuliza zaidi. Mimi ninayeona mstari mmoja uliolika kwenye shaba! Mimi niliyeandika kurasa mia tatu juu ya kisu hiki na kumshukuru kila mtu mwanzoni mwa kitabu, hata mpiga chapa!

Lakini Mzee Tupa alikuwa hajamaliza, nami nilidhani hakuna kilichobaki cha kunishtua. Alisema makala yangu ilipotoka, yeye alikuwa tayari kwenda gazetini. Siku ya tatu Mama, ambaye wakati huo alikuwa hajahamia kwako, akaja sokoni. Peke yake, kwa miguu. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasubiri wengine waishe. Mzee akadhani amekuja ili waongozane. Mama akamwomba aliache. Akamwambia: mwanangu akijua ataacha kuandika, na kuandika ndicho kitu pekee anachokiweza.

Nimejaribu kuicheka sentensi hiyo, maana ni Mama mtupu. Imenishinda. Mzee Tupa alimkubalia kwa sababu ni mwalimu wake, na kwa miaka tisa watu wamesimama juu ya kichwa chake wakilinda mikasi yao.

Hapo ningeweza kuishia, nawe ungenihurumia. Ungesema, mdogo wangu alikosea kwa ujinga. Sasa nakuambia ambalo sijamwambia mtu, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilijua.

Si kuhusu Mama. Kuhusu K. Miaka saba iliyopita mtu wa kitalu alikuja nyumbani kwangu na Njiti ya K aliyoachiwa na shangazi yake. Alikuwa wa kushoto. Hakuwa amesoma kitabu changu, hakujua kwamba mkononi ameshika kasoro. Aliniomba ruhusa, akaenda kwenye mpera wangu uani, akakata kijiti. Dada, ule mkato ulikuwa bapa kama kioo. Nikamwomba akate tena. Akakata vijiti vitano, akanipangia kwenye kiganja. Niliviona na nikaelewa palepale, kabla hajafunga kisu. Chapa ya pili ya kitabu ilikuwa mtamboni. Mzee Tupa alikuwa ameshafutwa. Nilimwambia yule bwana kwamba ana bahati ya mkono mwepesi, nikamsindikiza mpaka getini.

Miezi miwili baadaye ndiyo ile siku ya maonyesho. Nilikuwa nimezikusanya K kumi na moja kutoka kwa wanachama, nikazipanga juu ya fuawe, nikazivunja kwa nyundo mbele ya watu, nikisema tunasafisha mkusanyiko. Walipiga makofi. Picha ilitoka gazetini, wewe ndiye uliyenipigia simu kunipongeza. Sikuwa nasafisha kitu. Nilikuwa naondoa ushahidi. Na kwenye simu ileile uliniambia kwamba Mama aliishika picha karibu kabisa na macho, muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: vyote vimevunjika? Nilicheka, Dada. Nikakuambia mwambie vyote.

Nimeandika masahihisho. Yatatoka gazetini Alhamisi ya wiki ijayo. Juzi niliyapeleka sokoni nimsomee Mzee Tupa. Yalikuwa kurasa nane. Alisikiliza mpaka mwisho akikanyaga gurudumu, kisha akaniuliza kwenye maneno yote hayo, pale ninaposema nilidanganya ni wapi. Nikamwonyesha, ukurasa wa sita. Akasema niliweke hilo mwanzo, mengine nimpe aliyekuwa anauliza. Yamebaki mistari hii:

“K ni kushoto. Mzee Tupa alisema kweli na mimi nikamwita mwizi. Miaka saba iliyopita nilithibitisha kwa macho yangu kwamba amesema kweli, nikanyamaza, kisha nikavunja visu kumi na moja ili nisijulikane. Aliyevinoa visu hivyo ni mama yangu.”

Nilipousoma huo mstari wa mwisho mzee alisimamisha gurudumu. Akasema hiyo mitatu ya kwanza ni yangu, niichapishe hata mvua inyeshe mawe, lakini wa mwisho una mwenyewe, nikamuulize.

Kwa hiyo nauliza, na sina ujasiri wa kumuuliza kwa simu, nikisikia anavyovuta pumzi. Mhariri amenishikilia nafasi mpaka Jumatano saa nne. Mkalishe Mama, umwambie yote, na lile la mpera usilipunguze. Usinitetee. Akikataa, mstari wa mwisho nautoa na ile mitatu inabaki. Akikubali, nataka kujua jambo moja. Daftari la kiwanda linamwita mfungaji wa bidhaa. Mimi kitabuni nilimwita mnoaji mzembe. Muulize yeye mwenyewe anataka aandikwe nani, uniletee neno lake kama atakavyolitamka, nami nitaliandika bila kuongeza langu.

Ijumaa, gazeti likishatoka, nitapanda basi la asubuhi. Kama hataki kuniona, nitakaa kwako barazani, nitakusaidia kuosha vyombo, nitaondoka. Msalimie Shemeji, wasalimie wapwa zangu wote, na yule mdogo umwambie mjomba anakuja bila kitabu chochote. Goti lako ulilaze juu ya mto jioni kama daktari alivyosema, usilipuuze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mbishi